Kuchafua Hewa na Makosa Mengine

(Mazungumzo niliyoyatoa Mombasa baada ya Isha, mbele ya wazee wa mtaa na wanafunzi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, isipokuwa pale mikrofoni ilipozimika.)

Assalaam aleikum, na masalkheri kwa wote. Wazee wangu wa mstari wa mbele, mama zangu kule upande wa feni, na nyinyi vijana mlioletwa na walimu kwa nguvu. Nawaona. Yule mwenye simu chini ya dawati namuona pia.

Nilipoombwa nije kuzungumzia sheria niliuliza, sheria gani? Nikaambiwa, "Zozote mzee, bora watu wasilale." Basi nimechagua zinazochekesha. Miaka 31 nimekuwa karani na mkalimani wa mahakama, nasimama katikati, hakimu huku, mshtakiwa kule, namgeuzia huyu maneno ya yule. Na nilichokiona ni kwamba sheria ikiwa kwenye kitabu haichekeshi hivyo. Kichekesho ni uso wa mtu anaposomewa mara ya kwanza.

Hebu niwape mmoja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 80, katika mahakama moja ya hapa pwani, siitaji. Akaletwa mzee, kanzu safi imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani, fundi wa majahazi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na pipa anachemshia maini ya papa apate sifa. Vijana, sifa ninayoisema si hiyo mnayoitafuta kwenye simu. Sifa ni mafuta ya papa, hupakwa mbao za chombo. Jahazi lisipopakwa, jua linazikausha mbao na kuzipasua. Likipakwa, linadumu hata mjukuu akalirithi. Lakini harufu yake, subhanallah. Inaingia kwenye pazia, inaingia kwenye nguo zilizoanikwa, inaingia kwenye wali. Unaosha mkono kwa sabuni mara tatu, ukimshika mtoto shavu analia. Majirani walivumilia, wakavumilia, mwisho wakaenda polisi.

Hati ya mashtaka iliandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 192 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63: kwamba mtu kwa hiari yake ameiharibu hewa ya mahali hata ikawa na madhara kwa afya ya wanaokaa au wanaofanya biashara jirani, au wanaopita njiani. Hakimu akanitazama, yaani, haya, msomee. Na mimi kijana, hata mwezi sijamaliza kazini, shati langu la kuazima. Nikatoa maneno ya kwanza yaliyonijia mdomoni: "Mzee, umeshtakiwa kwamba siku ya Jumanne, nyuma ya nyumba yako, ulichafua hewa kwa makusudi."

Kimya.

Mzee alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akashika ukingo wa kizimba. "Mimi?" Akageuka akawatazama watu, akanirudia. "Mimi nishute mbele za watu? Tena kwa makusudi? Na mvi hizi?" Kisha, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejaribu kuelewana na mtoto: "Na hata kama ingenitoka, mwanangu, ndio niletwe huku na askari wawili? Si ningekwenda kutawadha tu?"

Mahakama iliporomoka. Kiongozi wa mashtaka alijifunika uso kwa faili, mabega yakimcheza. Hakimu hakuwa mtu wa pwani, akaniuliza kwa Kiingereza, mshtakiwa amesema nini? Siku hiyo ndipo nilipojua mshahara wa mkalimani hautoshi. Nikajibu, "Anakana, Mheshimiwa."

Kesi ilivyokwisha nitawaambia baadaye. Msiondoke.

Sasa, mwaka 2011 nilikuwa nimeshakaribia kustaafu, dunia nzima ikaanza kuicheka Malawi. Kulikuwa na mswada wa mahakama za mitaa, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha kuchafua hewa. Waziri wa Sheria, George Chaponda, akaulizwa redioni: hicho kifungu kinahusu upepo wa mtu? Akasema ndiyo, na kwamba mtu akibanwa si aende chooni. Mwanasheria wa serikali, Anthony Kamanga, akasema hapana, hiyo ni sheria ya uchafuzi wa mazingira, mtu na tumbo lake hawamo. Wanasheria wawili wa serikali moja wanabishana juu ya ushuzi, na magazeti ya Ulaya yanaandika. Mwishowe waziri akarudi nyuma.

Na hapa Mombasa tulicheka. Nilikuwa maskani, kahawa mkononi, tunasema Wamalawi jamani! Nikarudi nyumbani, nikatoa Sura ya 63 kabatini, nikafungua 192. Neno kwa neno, karibu kila kitu ni kilekile. Kumbe tulikuwa tunajicheka.

Nikaifuata asili yake, maana nilishakuwa na deni na kifungu hicho. Maneno hayo yalikuwamo katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 278, faini isiyozidi rupia 500. Rupia! Mababu zetu hapa waliongozwa na kanuni hiyo ya India mpaka 1930, serikali ya kikoloni ilipoandika mpya, na jirani zetu wakaandikiwa zao zinazofanana, kama sare za shule moja. Kwa hiyo harufu aliyoichukia Mwingereza fulani huko India, ngozi sijui, au mifupa, ilipanda chombo, ikavuka bahari, ikateremka Mombasa, ikamkamata mzee wa sifa.

Tangu hapo nimekuwa na tabia moja. Nikisikia sheria ya kijinga ya watu wa mbali, sicheki mpaka nijue nani aliumwa na nini hata ikaandikwa. Maana mtu haamki tu akaandika sheria. Kuna siku alikasirika.

Chukueni Singapore. Kila orodha ya vituko duniani wamo: nchi iliyopiga marufuku chingamu, ubani kama walivyouita mama zetu. Ni kweli, 1992. Wengi hudhani ni usafi tu, watu wamechoka kukwangua viatu. Ulikuwamo, lakini kuna treni. Treni zao za mjini zilianza 1987, mpya, za fahari, na vijana wakawa wanabandika chingamu kwenye vile vihisio vya milango. Mlango haufungi. Mlango usipofunga treni haiondoki. Treni moja isipoondoka na za nyuma zinasimama. Yaani mji mzima unachelewa kazini kwa mate ya kijana mmoja! Ukilijua hilo, marufuku haichekeshi tena. Kinachochekesha ni kilichofuata: Wamarekani walipofanya nao mkataba wa biashara huria, chingamu ikaingia kwenye mazungumzo ya nchi mbili, na tangu 2004 ile ya tiba ikaruhusiwa, kwa mfamasia au daktari wa meno, jina lako likiandikwa. Hebu fikiri wewe unaandikwa jina kwa kununua ubani.

Japani wao wana kanda ya kupimia. Mwaka 2008 walianza mpango wa kupima viuno vya watu wa miaka 40 hadi 74. Mwanamume akizidi sentimita 85, mwanamke akizidi 90, anaitwa kwa ushauri wa afya ikiwa damu yake nayo ina kasoro. Wazee wa mbele, msivute pumzi, nimeshawaona. Sentimita 85 kwa mji wa biriani, ndugu zangu, ni kiuno cha mvulana wa kidato cha pili. Kwetu kitambi kinakaribishwa kiti. Mtu akirudi Uarabuni bila kitambi watu wanamuuliza mkewe kulikoni. Basi msikilize vizuri, kwa sababu mtandaoni huandikwa kwamba Japani ni kosa kunenepa. Si kosa. Hakuna anayefungwa kwa tumbo lake. Anayebanwa ni mwajiri na mfuko wa bima, akishindwa kuwapunguza watu wake anaongezewa mzigo wa kulipa. Na sababu? Nchi ya wazee wengi, na kisukari na moyo ni gharama. Mimi binafsi ningependa kanda hiyo ipite siku moja kwenye harusi zetu, ipite tu, isiandike.

Paris wanawake walikatazwa suruali mwaka 1800, aitakaye aende polisi kuomba ruhusa. Mwaka 1892 na 1909 wakalegeza kidogo: waweza kuvaa ukiwa umeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Sheria hiyo haikutumika miaka na miaka, lakini waziri aliyetamka rasmi kwamba imekufa alitamka 2013. Alikuwa mwanamke, Najat Vallaud-Belkacem. Shabaha haikuwa kitambaa, ilikuwa kuwafungia wanawake kazi za wanaume. Tuiache hapo, ina uchungu wake.

Kuna kijiji cha mvinyo Ufaransa, Châteauneuf-du-Pape, ambako mwaka 1954 meya alipiga marufuku visahani vya angani kupita juu, kutua au kuruka katika eneo lake. Kikitua, kikamatwe. Mwaka ule Wafaransa wengi walikuwa wanadai kuona visahani, na meya naye akaona nafasi ya kuitangaza mvinyo yao. Najiuliza tu askari wetu wa kaunti wangefanyaje. Mnyororo wao wa kufunga magari unataka gurudumu.

Na meya wa Sarpourenx, Ufaransa hiyohiyo, mwaka 2008 aliamuru kwamba asiye na mahali makaburini ni marufuku kufa kijijini, na atakayekaidi ataadhibiwa vikali. Ataadhibiwa vipi, hakusema. Mwaka 2012 meya wa Falciano del Massico, Italia, akatoa amri kama hiyo. Hao hawakuwa wendawazimu. Makaburi yalijaa, walitaka ardhi, wakubwa hawasikii, wakaandika amri ambayo gazeti haliwezi kuiacha. Sisi watu wa kisiwani, ambao tukizika tunapima hatua kati ya kaburi na kaburi, wa kuwacheka ni nani?

Lakini hapa kwenye kufa nisimame kidogo, kwa sababu ya nyinyi vijana na simu zenu. Mmeshasoma kwamba Uingereza ni marufuku kufa ndani ya Bunge. Nimetumiwa hiyo mara nyingi, na maua mwisho wake. Ni uongo. Tume yao ya sheria iliitafuta, pamoja na nyingine za aina hiyo, na 2013 ikasema sheria hiyo haipo. Na mimi nawaongezea ushahidi wa karani: mwaka 1812 Waziri Mkuu Spencer Perceval alipigwa risasi kwenye ukumbi wa kuingilia Bunge, akafa papo hapo. Aliyeshtakiwa ni aliyempiga.

Na cha kusikitisha ni kwamba za kweli za Waingereza ni tamu kuliko za uongo. Wana sheria ya samoni ya mwaka 1986, kifungu cha 32, inayofanya kosa kushika samaki katika hali ya kutia shaka. Nilipoisoma nilikwenda sokoni makusudi, nikanunua nguru, nikajaribu kumshika kwa njia ya kutia shaka. Nilimtia chini ya kwapa. Muuzaji akaniambia, "Mzee, umeshalipa." Sheria yenyewe lakini ina akili. Kule samoni wanaibwa usiku mitoni, na mwizi ukimkuta barabarani huwezi kuthibitisha kaiba wapi wala kwa nani. Basi wakasema, ukipatikana na samaki na kila mwenye macho anaona huyu si wa halali, jieleze. Wavuvi wetu walioibiwa nyavu wangeipenda.

London, sheria ya polisi ya 1839: ni kosa kukung'uta zulia barabarani. Kijizulia cha mlangoni waruhusiwa, kabla ya saa 2 asubuhi. Ni kosa kugonga mlango wa mtu au kupiga kengele yake bila sababu ukamsumbua. (Nasikia kicheko kwa vijana wa Mji wa Kale. Nyumba zile zenye milango ya nakshi, nani kati yetu hakugonga akakimbia?) Na ya 1872: ni kosa kuwa umelewa huku unasimamia ng'ombe, au farasi, au injini ya mvuke. Wanaoicheka wasahau ng'ombe, wafikirie injini. Ndiyo sheria ya ulevi na usukani, kabla ya magari kuzaliwa.

Sasa kuna nyingine zinachekesha kwa sentensi ya kwanza tu, ya pili inakauka. Burundi, Machi 2014, walipiga marufuku watu kukimbia kwa makundi. Wenyeji wa Bujumbura wana desturi ya kukimbia asubuhi pamoja, wanaimba, jambo zuri kabisa. Nchi ilikatazaje mazoezi? Kwa sababu wapinzani walikuwa wanakusanyika kwa njia hiyo. Mkutano unahitaji kibali, jasho halihitaji. Vijana zaidi ya ishirini walihukumiwa kifungo cha maisha baada ya fujo za mwezi huo. Na Uganda, Julai 2018, wakatoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, rais akilalamikia lugambo, yaani umbeya. Nilipowasomea wanangu walicheka. Kisha mmoja akauliza, "Na sisi je, wakileta?" Hakucheka tena.

Na sisi je.

Naomba mnisaidie. Tuseme kijana wa Norway ameketi kwao anaandika orodha ya vituko, anafika Kenya. Ataandika: huko ukikutwa na mfuko wa nailoni waweza kutozwa hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Ni kweli, tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kwake ni wazimu, mfuko! Kwake hakuona mifereji yetu mvua za masika zikishuka, maji yamekataa kwenda, na mbuzi aliyechinjwa ametolewa tumboni fundo la nailoni kubwa kama mpira. Ataandika: Nairobi ni kosa kupenga kamasi njiani bila kitambaa. Kweli, sheria ndogo za jiji za 2007. Ataandika: Mombasa, mwaka 2018, serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Hiyo hata mimi sijui nimweleze vipi. Tuliambiwa ni kuupendezesha mji. Jirani yangu mwenye duka alikuwa amemaliza wiki mbili tu kupaka kijani, kijani cha mnanaa, gharama yake mwenyewe. Alisimama barabarani mikono kiunoni, anaitazama nyumba yake kama mtu anayeaga maiti. Lakini nakiri, ukitoka Likoni na feri wakati wa alasiri, weupe ule machoni unafurahisha. Jirani yangu hajanisikia nikisema hivyo, na nyinyi msimwambie.

Niliahidi kesi ya mzee.

Iliahirishwa mara mbili. Mara ya tatu hakimu akasema anataka kuona mahali penyewe, na mahakama ikahamia nyuma ya nyumba ya mzee: hakimu, kiongozi wa mashtaka, mimi na daftari langu, askari, na majirani wote hata wasiohusika. Mzee, kwa adabu, alikuwa amewasha moto ili Mheshimiwa aone kazi inavyofanyika. Kusi ilikuwa inavuma. Hakimu alisimama upande wa chini wa upepo, hakujua. Akauliza swali moja. Akafungua mdomo aulize la pili, akaufunga. Akatoa leso mfukoni, akaiweka puani, akanyoosha kidole kuelekea garini.

Mjini hatukufika na hukumu. Majirani walipoona hata hakimu ameshindwa, hasira ziliwashuka; walitaka tu mtu mkubwa akiri kwamba harufu ipo. Wakakubaliana na mzee palepale, pipa lihamie ufukweni, mbali na nyumba, na wao watasaidia kulibeba. Walalamikaji wakaondoa mashtaka.

Wakati tunaondoka mzee alinivuta kando. Nilidhani ananitukana. Akaniuliza, ile siku ya kwanza, ile karatasi ya Kiingereza ilikuwa inasema nini hasa? Nikamwelezea taratibu: moshi, harufu, maini, majirani.

"Sifa?" akasema.

"Ndiyo mzee. Sifa."

"Sasa si ungesema sifa, mwanangu! Ningekubali siku ileile."

Ndiyo maana kila alipokutana nami mjini, mpaka Mungu alipomchukua, hakunisalimia kwa jina. Alisimama mbali, akavuta pumzi kwa madaha, watu wakisikia, akaniuliza: "Karani, hewa yaonaje leo?"